Tuzo ya mnasihi isipimwe kwa kilo: barua ya wazi kuhusu wanaowahudumia waraibu

Kwa:
Kamishna Jenerali, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya;
Waziri wa Afya;
Waziri mwenye dhamana ya Utumishi wa Umma.

YAH: KUWATAMBUA NA KUWAENZI WANASIHI WA WARAIBU

Waheshimiwa,

Nawaandikia nikiwa mfamasia mstaafu ambaye miaka yake ya mwisho kazini ilipita kwenye dirisha la methadoni, dawa wanayopewa waraibu wa heroini ili waachane nayo. Sasa sina bosi na nina muda, mambo mawili yanayompa mtu ujasiri wa kuandika barua ya wazi. Naomba mnivumilie, maana ombi langu ni moja lakini lina maelezo.

Desemba 2023 Mamlaka ilitangaza kuwa imekamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini katika operesheni iliyofanyika Dar es Salaam na Iringa. Nchi nzima ilizungumza. Kwenye daladala na vibarazani watu waliirudia ile namba kama wanavyorudia matokeo ya Simba na Yanga. Nami nilifurahi, tena sana, kwa sababu najua kilo moja hutoa kete ngapi na kete moja huanzisha nini ndani ya nyumba ya mtu. Kwa hiyo mtu asinisome vibaya: sina ugomvi na kilo, wala na askari wanaokesha baharini na barabarani kuzitafuta.

Ila kuna wafanyakazi wengine katika vita hii ambao kazi yao haiwekwi kwenye mzani. Wao huanza pale askari alipochelewa. Unga umeshavuka, umeshauzwa, umeshaingia kwenye mshipa wa kijana, na kijana ameshauza sufuria za mama yake. Hapo ndipo mnasihi, yaani mshauri nasaha wa waraibu, anavuta kiti na kukaa. Akifanikiwa, hakuna kitu cha kuwaonyesha waandishi wa habari. Mtu hakwenda maskani jana. Hakuiba simu. Amekunywa dozi yake, amepanda gari, amekwenda kibaruani. Jambo ambalo halikutokea halipigwi picha.

Ninaomba hivi: tunapoadhimisha Siku ya Kupiga Vita Dawa za Kulevya Duniani, siku ambayo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliipitisha mwaka 1987 ili iadhimishwe kila tarehe 26 Juni, iwepo tuzo ya taifa kwa wanasihi wa waraibu. Ninaomba pia, na hili ndilo lililonifanya niandike kirefu, kwamba tuzo hiyo ipimwe kwa kipimo sahihi. Tuzo iliyopimwa ovyo inaweza kuharibu kazi ambayo mpaka leo imefanywa vizuri bila tuzo yoyote.

Nianze na kazi yenyewe, maana nina hofu kwamba wengi wanaoisifu hawajawahi kuiona.

Kliniki ya kwanza ya methadoni ilifunguliwa Muhimbili Februari 2011. Mauritius walitutangulia tangu 2006, lakini kwa nchi za bara, kusini mwa Sahara, sisi ndio tulikuwa wa mwanzo kuitoa dawa hiyo katika hospitali ya umma. Mwananyamala ikafuata 2012, Temeke 2014, wenzetu wa Zanzibar wakafungua yao Kidongo Chekundu 2015, kisha huduma ikaenda Mbeya, Mwanza, Dodoma, Tanga, Bagamoyo na Arusha. Dawa yenyewe haina maajabu. Hukaa mwilini kwa siku nzima na zaidi, ndiyo maana dozi moja kwa siku inatosha kuzuia arosto, yale mateso ya mwili uliokosa unga. Mteja anakuja asubuhi, anaonyesha kitambulisho, unampimia, anakunywa mbele yako, anasukumia na maji, unamsemesha ili uhakikishe amemeza. Anayefuata. Ndiyo ilikuwa kazi yangu. Inataka umakini, kwa sababu ukikosea mililita unaweza kuua, lakini nikiwa mkweli haitaki moyo mpana.

Moyo mpana ulikuwa chumba cha pili.

Kabla mtu hajafika dirishani kwangu, kuna aliyemfuata maskani. Wahudumu wa asasi kama Kimara Peer Educators na Blue Cross walikuwa miongoni mwa waliowaandaa na kuwaleta wateja wa mwanzo wa Muhimbili, wakati ambapo mtaani uvumi ulikuwa kwamba methadoni ni sumu ya serikali ya kuwamaliza mateja. Fikirini ugumu wa kumshawishi mtu anayewindwa na polisi kwamba aende mwenyewe, kwa miguu yake, kwenye jengo la serikali, akaandikishe jina. Alishawishika kwa sababu aliyemwambia alikuwa akija kila wiki, hakumwahidi pesa, na hakuwahi kuja na difenda nyuma yake.

Akishafika, kazi ndiyo kwanza inaanza. Arosto ya heroini huanza saa chache tu baada ya kete ya mwisho, hufika kileleni siku ya pili au ya tatu, na ndani ya wiki moja hivi mwili huwa umetulia. Familia nyingi hudhani hapo mambo yamekwisha. Humchukua kijana, humfungia chumbani wiki nzima, akitoka mweupe macho na anakula ugali wanachinja kuku. Wiki mbili baadaye wanamkuta chooni na bomba la sindano mkononi. Mara nyingine wanamkuta ameshakata roho, kwa sababu mwili uliopumzika hauwezi tena kubeba dozi uliyokuwa ukiibeba zamani. Mnasihi mzuri analijua hilo na humwambia mtu waziwazi siku anapotoka gerezani au nyumba ya upataji nafuu, wanakokaa waraibu wanaoacha dawa: ukirudia, usianzie pale ulipoishia, na usijidunge ukiwa peke yako. Kuna watakaosema huko ni kumfundisha mtu kutumia. Mimi naona ni kumbakiza hai mpaka siku atakayokuwa tayari kuacha.

Niwape mfano wa kitaalamu ili mwone jinsi kazi hii inavyohitaji akili. Mteja aliyekuwa ametulia kwa miezi anaanza kulalamika kwamba dozi haimfikishi asubuhi. Usiku anatoka jasho, mifupa inauma, pua inachuruzika. Haraka haraka ungesema huyu mjanja, anataka aongezewe ili auze. Mnasihi anakaa naye, anamuuliza habari za nyumbani, za kula, za kikohozi alichokuwa nacho, na polepole inatoka kwamba wiki mbili zilizopita alianzishiwa dawa za kifua kikuu kwenye zahanati nyingine, na hakusema kwa kuogopa kutengwa. Rifampisini iliyomo kwenye dawa za TB huifanya ini iichome methadoni haraka. Mteja hakuwa mjanja, alikuwa kwenye arosto ya kweli. Bila yale mazungumzo angefukuzwa kwa dharau au angekimbia mwenyewe, na angekimbia na TB yake. Daktari ndiye aliyeandika dozi mpya, mfamasia akapima, na faili likaonyesha majina ya hao wawili.

Nilimfahamu dada mmoja, mnasihi, ambaye sitamtaja kwa sababu sikumwomba ruhusa. Wateja wake wengi hawakuwa na simu, na mwenye simu leo kesho ameshaiuza. Kwa hiyo yeye alikuwa na daftari lenye namba za mama ntilie, wa vituo vya bodaboda, wa dada wa mteja, wa mwenye kibanda cha kuosha magari. Mteja akikosa dozi siku ya kwanza, alipiga simu. Siku ya pili alikwenda. Alijua kwamba mtu akikosa siku kadhaa mfululizo dozi yake lazima ishushwe kwa usalama, na ikishashushwa hatasikia nafuu, na asiposikia nafuu atarudi kwa muuzaji. Alikuwa akishindana na kalenda. Nauli ilikuwa ya mfukoni mwake. Nauliza tu kwa udadisi: kwenye fomu zetu za tathmini ya utendaji kazi, safari hizo zinaandikwa kipengele gani?

Tena msidhani kwamba mnasihi ni msaidizi wa dawa. Methadoni inatibu uraibu wa heroini na jamii yake, basi. Haimsaidii mvuta bangi, wala mla mirungi, wala kijana anayetumia ile methamfetamini iliyokuwemo kwenye zile kilo 3,182. Kwa hao hakuna kikombe cha kuwapa dirishani. Mazungumzo, mbinu za kuikabili hamu inapokuja, familia iliyofundishwa, kikundi cha wenzake na ratiba mpya ya siku, hayo ndiyo matibabu yenyewe. Na mlevi wa pombe, ambaye kwa idadi anawapita wote lakini hatumhesabu kwa sababu kinywaji chake kinalipiwa kodi, naye ni hivyo hivyo kwa sehemu kubwa. Kwa hiyo kadiri soko la dawa linavyobadilika, ndivyo tunavyozidi kumtegemea mtu ambaye hatujamtambua.

Je, kuna tofauti kati ya mnasihi bora na wa kawaida, au wote ni wapole tu wanaotoa pole? Ipo, na imechunguzwa. Mwanasaikolojia wa Marekani William Miller na wenzake, katika utafiti waliouchapisha mwaka 1980, waliwafuatilia watu waliotaka kupunguza pombe wakakuta kwamba kiwango cha mshauri cha kusikiliza na kumwelewa mteja kilieleza kwa sehemu kubwa nani angefanikiwa. Kutoka hapo, kuanzia 1983, Miller akajenga njia ya mazungumzo ambayo leo inafundishwa kote duniani. Msingi wake unaeleweka hata bila shule: mraibu akibishiwa, hujikuta anautetea unga, akiulizwa vizuri na kuachiwa nafasi, huanza mwenyewe kuzitaja sababu za kuuacha. Kufika kiwango hicho kunataka mafunzo, mazoezi chini ya msimamizi na miaka. Ndiyo maana nasema ubora huu unastahili kutafutwa, kutajwa na kuenziwa, kama tunavyofanya kwa daktari bingwa.

Sasa nije kwenye kundi ambalo najua litawasumbua kidogo mezani.

Wengi katika wanasihi wetu bora wamewahi kuwa mateja. Zanzibar, ambako nyumba za upataji nafuu zilianza kuenea kuanzia 2009, nyingi zilianzishwa na kuendeshwa na watu waliopitia humo humo, wakitumia hatua kumi na mbili za kujitambua na vikao vya kila siku. Bara ni hivyo hivyo. Hawa wana kitu ambacho chuo hakikitoi: hawadanganyiki. Mteja akija na hadithi ya nauli iliyopotea, wao walishaitunga kabla yake. Na akikata tamaa, wanamwonyesha ushahidi uliokaa kwenye kiti mbele yake, unakula, unalipa kodi ya nyumba, una mtoto shule.

Lakini wengi wao hawana cheti cha kidato cha nne. Wanalipwa posho, si mshahara, na posho hiyo huja na mradi wa wafadhili. Januari 2025 Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, sote tuliona ni nani wa kwanza kuambiwa abaki nyumbani katika ukanda wetu huu wa Afrika Mashariki. Dawa zilitafutiwa njia, kwa sababu dawa ina mstari kwenye bajeti. Mtu wa kwenda maskani hakuwa na mstari. Chukulieni mtu aliyeacha unga kwa sababu amepata kazi ya kuwasaidia wengine waache, halafu kazi hiyo inakatika kwa ujumbe wa simu. Tulimwachia nini mkononi siku ile?

Wamarekani wenyewe, katika jambo hili, wana kitu cha kuigwa. Chama chao cha wataalamu wa uraibu, NAADAC, hutoa tuzo kwa wanasihi, na tarehe 20 Septemba wameifanya siku ya kuwatambua. Tuzo ya mtaalamu bora imepewa jina la Mel Schulstad, aliyekuwa rubani wa ndege za vita katika Vita Kuu ya Pili, akawa mlevi, akaacha, kisha akawa mmoja wa waanzilishi wa chama hicho na rais wake wa kwanza. Hawakumficha historia yake. Wameiandika kwenye tuzo. Karibu zaidi na sisi, Kenya ilitunga Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia mwaka 2014, ikaweka na bodi ya kuwasajili. Sisemi Kenya mambo yao yamenyooka, maana nina ndugu Mombasa na nasikia. Ila mnasihi wao akiulizwa yeye ni nani kisheria, ana ukurasa wa kufungua.

Waheshimiwa, ndiyo maana tuzo peke yake itakuwa haitoshi. Tunaijua sherehe ya Mei Mosi. Mfanyakazi hodari anapanda jukwaani, anapewa cheti na bahasha, anapigwa picha, Jumatatu anarudi kwenye kiti kile kile kilichovunjika mguu. Mkimwita jukwaani mnasihi wa kujitolea, mkamvisha shada, kisha akarudi kusubiri mradi mpya utangazwe, mtakuwa mmemwongezea aibu tu, kwa sababu sasa mtaa mzima utajua kwamba anatambulika na bado anakopa unga wa ugali. Naomba mnasihi wa uraibu awekwe kwenye muundo wa maendeleo ya utumishi kwa jina lake, si kama kazi ya ziada ya muuguzi au afisa ustawi wa jamii mwenye mambo mengine kumi. Na uwepo mlango kwa wenye uzoefu wa maisha wasio na vyeti: wapimwe ujuzi, wafunzwe, wasimamiwe, wapande ngazi. Mtaala wa kimataifa wa matibabu ya uraibu ulioandaliwa chini ya Mpango wa Colombo, shirika la ushirikiano wa serikali mbalimbali, upo, na Kenya umeshafundishwa. Hatuhitaji kubuni upya.

Turudi kwenye kipimo.

Kishawishi cha kwanza kitakuwa kuhesabu waliopona. Mnasihi huyu ameponya ishirini, yule arobaini, mpeni yule. Tafadhali, msifanye hivyo. Uraibu ni ugonjwa unaorudi, na mtu kurudia unga mara mbili au tatu kabla hajakaa sawa ni jambo la kawaida katika matibabu haya. Mkihesabu waliopona, wanasihi watajifunza haraka kuchagua wateja wepesi: mwenye familia, mwenye kazi, asiye na virusi, asiyelala nje. Yule aliyelala kwenye mtaro miaka kumi ataambiwa aje wiki ijayo. Na takwimu zitapikwa, maana sisi tunajuana.

Hesabuni badala yake ni wangapi wameendelea kuja. Hesabuni wangapi walipotea na wakatafutwa. Aliyerudia unga, alipokewaje siku aliyorudi kliniki: alifokewa mbele ya foleni au alifungiwa mlango akasikilizwa? Ni wanasihi wangapi wachanga wamefunzwa na huyu mnayetaka kumtuza? Na kuna wanawake wangapi kwenye orodha yake? Foleni zetu zina wanaume tupu, mwanamke mmojammoja. Si kwamba wanawake hawatumii. Wanatumia wakiwa wamejificha zaidi, wengine wanajiuza usiku na asubuhi kliniki inapofunguliwa ndio kwanza wamelala, wengine wanaogopa wakijitokeza watanyang'anywa watoto. Mnasihi aliyeweza kumleta mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni na kumbakiza kwenye huduma mwaka mzima amefanya kazi ambayo kwenye jedwali itaonekana kama namba moja. Kamati ijue kuisoma hiyo moja.

Nani akae kwenye kamati? Wateja. Natumaini hamjashtuka. Wao ndio wanaojua nani huwadharau na nani huwaheshimu, nani huomba kitu kidogo na nani hutoa cha kwake. Upo mtandao wa watu wanaotumia dawa hapa nchini, TaNPUD, hivyo hamtapata shida kuwapata. Wakae wateja, wakae ndugu wa wateja, wakae wataalamu, na viongozi wawe wachache. Mapendekezo yasipitie kwa mganga mfawidhi peke yake, maana niliwahi kuona mahali fulani jina la mtu wa ofisini likipelekwa kama mhudumu bora wa waraibu, mtu ambaye waraibu wenyewe hawakuwa wakimjua kwa sura.

Jambo jingine ambalo nalisema kwa uchungu kidogo. Siku ya kutoa tuzo, msiwapange wateja jukwaani watoe ushuhuda. Nimeona mara nyingi mno. Kijana ana miezi mitatu tu bila unga, anapewa kipaza sauti mbele ya mgeni rasmi, anaeleza alivyomwibia baba yake, watu wanapiga makofi, televisheni inarusha. Wiki inayofuata fundi aliyekuwa amempa kibarua anamwambia asije tena. Mnasihi aliyempeleka jukwaani, kwa amri ya wakubwa, anapoteza imani ya mteja aliyoijenga kwa mwaka. Siri ya mteja ndiyo mtaji wa kazi hii. Mwenye kutaka kusema kwa hiari yake, akiwa ameshakomaa katika safari yake, aseme. Wengine waacheni wakae kwenye viti na ndugu zao wale pilau.

Na hizi tuzo ziwe pia njia ya kutenganisha pumba na mchele katika nyumba za upataji nafuu. Zipo nyumba zinazoendeshwa kwa utu, na zipo ambako mtu anafungwa mnyororo, anapigwa, anamwagiwa maji ya baridi usiku na kuitwa hiyo ni tiba, huku mama yake akilipa kila mwezi kwa kukopa vikoba. Nyumba ambayo haijakaguliwa, mhudumu wake asishindanishwe. Mkaguzi afike bila taarifa, azungumze na wakazi faragha. Kama Mamlaka itatumia tuzo hii kama sababu ya kuzipitia nyumba zote, tutakuwa tumepata faida mbili.

Nimalizie kwa habari ambayo sisi wa famasia huwa tunaisimulia nusu. Tiba ya methadoni kwa waraibu wa heroini iliasisiwa New York katikati ya miaka ya 1960 na madaktari wawili, Vincent Dole na Marie Nyswander. Dole alikuwa mtafiti wa maabara. Nyswander alikuwa daktari wa akili aliyekuwa amefanya kazi na waraibu wa East Harlem miaka mingi kabla, akiwasikiliza wakati wenzake wengi wakiwaona ni wahalifu tu. Tuzo ya Lasker, ambayo ni kubwa sana katika tiba kule Marekani, ilikuja 1988 na kumpata Dole. Nyswander alikuwa amefariki 1986.

Wanasihi wetu walioanza na wateja wa mwanzo wa Muhimbili mwaka 2011 wengine wameshastaafu, na wapo ambao hatunao tena. Kwa hiyo naomba mambo haya yawe na tarehe. Kabla ya tarehe 26 Juni ijayo, tangazeni vigezo na kamati, na muwape wadau mwezi mmoja wa kuvipinga. Katika bajeti inayofuata, tuonyesheni mstari wa wanasihi wa uraibu, hata ukiwa mwembamba. Na mwaka wa kwanza wa tuzo, anzeni na wale wa mwanzo: orodha yao inaweza kupatikana kutoka kliniki na asasi zilizokuwepo, na waliofariki familia zao zipo.

Kabla hamjakaa kikao cha kwanza, tafadhali mmoja wenu aende kliniki yoyote ya methadoni saa moja asubuhi, bila msafara, akae chumba cha mnasihi mpaka saa sita, kwa ruhusa ya wateja. Asichukue mpiga picha. Vigezo vitaandikika vyenyewe.

Nasubiri majibu yenu kwa njia ile ile ya wazi niliyowaandikia.

Wenu katika kazi,
Mfamasia mstaafu,
Dar es Salaam.

Nakala: vyama vya wauguzi, wafamasia na maafisa ustawi wa jamii, ambao nao wana la kusema hapa na wamenyamaza kupita kiasi.